Kisigino kinachochoma asubuhi: chanzo chake na namna ya kukitibu

Unashuka kitandani, hatua ya kwanza inachoma kisigino kama umekanyaga msumari. Ukitembea dakika chache maumivu yanapungua, lakini ukikaa kwa muda kisha ukainuka, yanarudi. Hizo ni dalili za kuumia kwa utando mgumu wa unyayo, ule ulioshika mfupa wa kisigino na kwenda hadi vidoleni. Usiku mguu ukilala vidole vimeelekea chini, utando hulegea na kufupika. Ukikanyaga ghafla, unavutwa palepale uliposhikia mfupa.

Jipime: bonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani. Ukiruka kwa maumivu mahali hapo hapo, umeupata utando ulioumia.

Wanaopatwa zaidi ni wanaosimama kutwa kwenye saruji, walioongezeka uzito, walioanza mbio kwa pupa, na wenye misuli iliyokaza kwenye shavu la mguu. Kandambili zilizolika kisigino zinachangia kuliko watu wanavyokubali. Eksirei ikionyesha kamfupa kamechomoza, usikimbilie kukalaumu. Wengi wanako na hakawaumi.

Tiba kuu ni kunyoosha, na ianze kabla hujakanyaga chini. Keti ukingoni mwa kitanda, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea muundi mpaka wayo ukaze kama kamba. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Anayekwenda chooni kwanza ndipo akanyooshe, ameshautonesha utando.

Shavu la mguu nalo linyooshwe. Simama ukishika ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini. Kaa sekunde 30, mara 3, kisha rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Wengi hukosea kwa kugeuza unyayo nje au kuinua kisigino. Hapo hakuna kinachonyooka.

Maumivu yakianza kupoa, imarisha mguu. Kunja taulo uliweke kwenye ngazi, vidole viwe juu yake na kisigino kining'inie. Shika ukuta, panda kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3. Fanya mara 12, siku moja ndiyo, siku moja pumziko.

Jioni, jaza maji chupa ya plastiki ya nusu lita hadi robo tatu (ukiijaza pomoni itapasuka ikiganda), igandishe, ifunge kitambaa, kisha iviringishe chini ya unyayo kwa dakika 10 hadi 15. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asitumie barafu: ngozi inaweza kuungua bila yeye kuhisi.

Ndani ya nyumba usitembee pekupeku juu ya vigae. Vaa kiatu chenye soli nene na kisigino cha sentimita 1 hadi 2. Dawa kama ibuprofen hutuliza kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiinywe bila kumwuliza daktari.

Usikate tamaa wiki ya pili. Nafuu huja polepole, na kupona kabisa kunaweza kuchukua miezi 6 hadi 12. Wanaoacha mazoezi mara tu wanapopata unafuu ndio hao hurudiwa.

Si kila kisigino kina tatizo hili. Kisigino kikiuma upande wa nyuma, tazama ile kano nene inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayecheza mpira huumia sehemu ya mfupa inayokua, na dawa yake ni kupunguza michezo. Kisigino kikiuma ukikibana pande zote mbili, hasa baada ya kuanguka au kukimbia sana, huenda mfupa una ufa. Nenda hospitali mapema pia ukiona homa, wekundu na uvimbe, ganzi, au ukishindwa kukanyaga.

Sindano ya steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe) hutuliza kwa muda mfupi, ila inaweza kuukata utando au kupunguza mafuta yanayokinga kisigino. Ukishauriwa kuchomwa, uliza kwanza kama mazoezi yamepewa miezi yake.