Kuchagua programu ya kufungulia picha za RAW

Picha ya RAW ni faili ghafi ya kamera, ambayo bado haijachakatwa kuwa picha ya kawaida kama JPEG. Ili kuifungulia, anza na kamera, si programu. Tazama herufi za mwisho za jina la faili: CR3 ni ya Canon (ilianza 2018), NEF ya Nikon, ARW ya Sony, RAF ya Fujifilm. Programu iliyotoka kabla ya kamera yako huenda ikakataa NEF yake hata kama inafungua NEF nyingine. Wengi hapo hudhani kadi imeharibika, kumbe programu ni ya zamani. Isasishe, au geuza faili ziwe DNG (aina ya RAW ya Adobe inayofunguliwa na programu nyingi) kwa toleo jipya la Adobe DNG Converter, ambalo ni la bure.

Hutaki kulipa? Jaribu kwanza ya mtengenezaji: Digital Photo Professional kwa Canon, NX Studio kwa Nikon. Rangi zake hukaribia sana zile za kioo cha kamera. darktable na RawTherapee nazo ni za bure na hufungua faili za kampuni nyingi, ila darktable ina vitufe vya kumtoa mtu jasho. Lightroom ni rahisi kujifunza, lakini utailipia kila mwezi.

Zipime kwa picha moja ngumu: uso kivulini, dirisha lenye jua nyuma yake. Ongeza mwanga wa kivuli, kuza hadi asilimia 100, kisha angalia chengachenga za mashavuni na mstari wa zambarau ukingoni mwa dirisha.

Ukichagua darktable, usiache nyuma vijifaili vya .xmp unapohamia kompyuta nyingine. Marekebisho yako yamo humo. Bila hivyo picha itafunguka kana kwamba hukuigusa.