Ramani ya vita ya kuchapisha, nifanyavyo hapa Lamu

Kabla ya kwenda saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, piga hesabu ya karatasi. Ramani hii ni ubao wa miraba wa michezo ya mezani ya kuigiza mashujaa. Katika michezo kama Dungeons & Dragons, mraba mmoja ni inchi moja mezani, nao husimama badala ya futi 5. A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiacha pambizo, inabeba miraba 7 kwa 10. Karatasi sita, tatu kwa mbili, zinakupa 21 kwa 20. Zatosha nyumba nzima ya kale: daka la mlangoni, kiwanda (ua wa kati), misana (vyumba virefu vyembamba), hadi ndani.

Mimi sichori mapango ya majitu. Nachora vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani, upana mraba mmoja tu. Muweke punda mwenye mizigo katikati uone mashujaa watakavyobanana!

Sasa kwenye mashine. Mwambie kijana achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu picha ibanwe kutoshea karatasi. Mara ya kwanza sikusema, miraba ikatoka midogo, milimita 23, na askari wangu wa kuchezea wakapandana. Tangu hapo natoa karatasi moja kwanza, naipima kwa rula, ndipo zifuate nyingine. Chapisha nyeusi tupu. Rangi tia mwenyewe kwa penseli.

Kata pambizo upande mmoja tu, ule mwingine uwe wa kupakia gundi. Bandika juu ya manila. Tukichezea barazani wakati wa kusi, kila pembe naiwekea jiwe, la sivyo ramani itapeperushwa na dadu zitabaki peke yake.