Asiyekula nyama na anayekula: kupika mara moja, kugawa sufuria mapema

Kabla ya kuwasha meko, elewaneni "sili nyama" ina maana gani nyumbani mwenu. Nairobi, nyama ni ya ng'ombe na mbuzi. Kuku huhesabiwa kando, ndiyo maana mgeni aliyesema hali nyama huletewa paja la kuku kwa moyo mweupe kabisa. Ulizaneni kuhusu samaki, mayai, maziwa na samli. Ulizaneni pia kuhusu supu, maana wapo wanaodhani ukitoa vipande vya nyama, mchuzi unaobaki ni wa mboga.

Kosa la kwanza ni kupika mchuzi wa nyama, kisha mwenzako akabaki na ugali na sukuma wiki. Sukuma ni mboga ya kusindikiza, haishibishi kama kitoweo. Kosa la pili ni kupika vyakula viwili tofauti kila jioni. Hata mwezi hauishi kabla mpishi hajachoka. Ndengu ziwe kitoweo cha wote wawili, nyama iwe ya kuongezea mmoja, na vyote vitokane na rojo moja.

Kwa watu wawili, na kiporo kidogo cha kesho: kikombe 1 cha ndengu, robo kilo ya nyama ya ng'ombe, vitunguu 3 vikubwa, nyanya 5 zilizoiva, vijiko 2 vya nyanya ya mkebe, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole gumba, vijiko 4 vya mafuta, bizari na dania.

Loweka ndengu asubuhi. Jioni anza na nyama, kwa sababu ndiyo inayochelewa: ichemshe peke yake kwa chumvi na nusu ya tangawizi, saa 1 au zaidi. Ndengu chemsha kwenye sufuria nyingine mpaka zipondeke kwa vidole. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo usishangae ndengu zikikawia kuliko Mombasa. Presha kuka humaliza ndengu zilizolowekwa kwa dakika 10 hivi. Nyanya zisiingie kabla ndengu hazijalainika. Uchachu wa nyanya huzifanya zikawie zaidi.

Sasa rojo. Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani dakika 12, mpaka viwe rangi ya kahawia. Hapa usiharakishe: ladha nzito ambayo mchuzi wa nyama huipata bure, mchuzi wa ndengu huipata kwenye kitunguu kilichokaangwa vizuri. Tia saumu na tangawizi iliyobaki, koroga dakika 1. Tia nyanya ya mkebe, iache ishike chini kidogo kwa dakika 2, kisha nyanya mbichi na bizari. Mafuta yakianza kujitenga pembeni, rojo limeiva.

Chota theluthi moja, mimina kwenye nyama ambayo supu yake imekauka karibu yote. Theluthi mbili ziende kwenye ndengu, kwa kuwa hunyonya sana. Ndengu zikikosa ladha mdomoni, ongeza kijiko cha njugu karanga zilizosagwa au tui la nazi, kisha chumvi. Viungo vya pakiti soma kwanza. Vingine vina ladha ya nyama, vingine vina nyama yenyewe.

Kila sufuria iwe na mwiko wake. Mwiko mmoja ukizunguka kotekote, kazi yote imepotea, na mwenzako ataijua harufu hata kama wewe huisikii. Vilevile mafuta yaliyokaangia nyama yasirudi kwenye chapati.

Githeri na mukimo hazina shida: pika bila nyama, anayetaka atajiwekea juu. Pilau ndiyo yenye mtego, kwa sababu wali ukishanyonya supu haugawiki tena. Kaanga vitunguu mpaka viwe vyeusi-kahawia, tia binzari nyembamba, iliki, karafuu na mdalasini, kisha viazi na mchele, upike kwa maji ya moto. Nyama ikaangwe kando kwa viungo vilevile na iwekwe kwenye sahani wakati wa kupakua. Haitakuwa pilau ya harusini Lamu, lakini wote mtakula wali mmoja.

Siku ya kuchoma, mahindi, viazi na hoho vitangulie kwenye wavu uliosuguliwa, nyama ifuate. Ukianza na nyama, mafuta yake hubaki kwenye chuma na kudondokea makaa, na moshi ule hushika kila kinachofuata.

Mwisho, chai. Ikinywewa pamoja na ndengu hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata humo. Kamulia ndengu ndimu, na chai isubiri saa moja hivi. Asiyegusa hata mayai na maziwa anahitaji vidonge vya vitamini B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, kwani ndengu hazina.