Kupima Kimeng'enya cha aMMP-8 kwa Mgonjwa wa Fizi: Mwongozo kwa Watoa Huduma ya Kinywa na Meno

Tunapopenyeza kipimo chembamba cha fizi pembeni mwa jino na kukuta kina cha milimita 6, tunachokiona ni hasara iliyokwisha kutokea, pengine mwaka huu, pengine miaka 10 iliyopita. Picha ya eksirei nayo inatuonyesha mfupa uliokwisha kulika. Vyote viwili havijibu swali ambalo mgonjwa hulileta hata asipolitamka: je, ugonjwa bado unaendelea? Viashiria vya kibiolojia vinatafutwa kwa ajili ya swali hilo, na ninachokitumia mimi mgonjwa akiwa bado kitini ni kimeng'enya kiitwacho aMMP-8 (kifupi cha Kiingereza cha active matrix metalloproteinase-8), ambacho kimefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland.

Kimeng'enya hiki hutolewa hasa na chembechembe nyeupe za damu zinapokusanyika kwenye fizi kupambana na bakteria, na kazi yake ni kukata kolajeni, yaani nyuzi zilezile zinazolishikilia jino kwenye mfupa. Herufi "a" inaonyesha kwamba tunapima kile kilichokwisha kuamka na kuanza kukata. Viashiria vingine vipo, kama vile intaleukini-1 beta, protini inayochochea uvimbe, lakini hiyo inahitaji maabara kamili; na kumpata bakteria Porphyromonas gingivalis peke yake hakutoshi, kwa sababu hupatikana pia katika vinywa vyenye fizi zenye afya.

Hatua ya kwanza ni kumhoji mgonjwa. Muulize kuhusu sigara, kisukari, ujauzito na vidonda vya mdomoni. Muulize pia kama anatumia antibiotiki ya doksisaiklini, hata kama aliandikiwa kwa ugonjwa mwingine, kwa kuwa dawa hiyo huzuia vimeng'enya vya kundi hili na inaweza kukupa jibu la kuridhisha huku fizi zikiwa bado zinaumwa.

Hatua ya pili ni kuchukua sampuli, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Sampuli ichukuliwe kabla hujagusa fizi kwa chombo chochote na kabla hujakwangua ugaga, kwa sababu ukishazitoa damu fizi, chembechembe nyeupe huingia katika sampuli pamoja na damu hiyo na kuharibu kipimo. Mgonjwa asukutue kwa maji ya kawaida kwa sekunde 30, ateme, kisha asubiri dakika 1. Baada ya hapo asukutue kwa mililita 5 za maji yaliyosafishwa yanayokuja na kipimo, kwa sekunde 30 nyingine, akiyapitisha katikati ya meno yote, naye ayateme kwenye kikombe kidogo.

Hatua ya tatu: vuta maji hayo kwa sirinji, funga kichujio mbele yake, na udondoshe matone 3 au 4 kwenye kidirisha cha kipimo. Anayefanya kipimo cha haraka cha malaria ataona kwamba kifaa kinafanana: mstari wa udhibiti, unaothibitisha kwamba kifaa kinafanya kazi, lazima utokee, na mstari wa pili ukitokea ndani ya dakika 5, kiwango cha kimeng'enya kimefika au kupita takriban nanogramu 20 kwa mililita. Tumia saa, usikisie. Niliwahi kuacha kifaa mezani nikimhudumia mtoto mwenye maumivu, nikarudi baada ya robo saa na kukuta mstari wa pili mwembamba kama uzi. Nilitaka kuuandika kuwa jibu. Nilipokirudia kipimo na kukisoma kwa wakati wake, mstari ule haukuwepo.

Sasa ndipo upime fizi, pointi 6 kwa kila jino, ukiandika kina, sehemu zinazotoka damu na kiasi cha mshikamano wa fizi na jino kilichopotea.

Kusoma majibu kunahitaji utulivu, kwa maana kufanana na kipimo cha malaria kunaishia kwenye kifaa. Mstari wa pili hautaji ugonjwa. Unasema tu kwamba kolajeni inakatwa mahali fulani kinywani, wala hauonyeshi ni jino lipi. Utambuzi unabaki kwenye mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya fizi na jino, na kwenye eksirei, kwa kufuata mfumo wa mwaka 2018 wenye viwango I hadi IV vya ukali wa ugonjwa na madaraja A hadi C ya kasi yake. Mifuko mirefu pamoja na mstari wa pili ni ugonjwa unaoendelea, na matibabu hayapaswi kusubiri. Mifuko mirefu bila mstari huenda ikawa makovu ya ugonjwa uliotulia, lakini mgonjwa aliyebakiza meno machache hutoa kimeng'enya kidogo kwa jumla, kwa hiyo usimruhusu aende zake kwa jibu hilo pekee. Mvutaji sigara naye fizi zake hutoka damu kidogo kuliko hali halisi, na kwake nauzingatia sana mstari ukitokea. Mwenye kisukari ambaye HbA1c yake, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, ni asilimia 7 au zaidi anaingia daraja C hata kama kipimo cha aMMP-8 hakikuonyesha kitu.

Hatua ya mwisho ni kurudia kipimo takriban miezi 3 baada ya kusafisha mifuko, na kwa maoni yangu hapa ndipo kinapostahili gharama yake. Andika kwenye faili tarehe, dakika uliyosomea, na kama mstari ulikolea au ulififia, kando ya asilimia ya sehemu zinazotoka damu. Kisha mwonyeshe mgonjwa vifaa vyote viwili, cha mwanzo na cha leo. Fundi seremala mmoja aliyevitazama kwa muda mrefu aliniuliza kama sasa anaweza kuacha kupitisha uzi katikati ya meno. Nilimjibu: "Hapana, mzee wangu. Mstari umeondoka kwa sababu unaupitisha."