Kabla hujatoka Kisumu na chati ya Eldoret

Angalia tarehe ya chati, ile karatasi inayokuongoza kukaribia uwanja na kutua kwa kufuata vyombo vya ndege. Mabadiliko huenda kwa mzunguko wa siku 28, kwa hivyo ile uliyochapisha mwaka jana fungia mandazi. Kalamu, tochi, masafa ya redio: andaa, sina la kuongeza.

Mwinuko wa uwanja uujue kwa kichwa. Kisumu ni chini kidogo ya futi 4,000, Eldoret karibu 7,000. Kimo cha mwisho cha kushuka, ambacho hukipiti kama hujauona uwanja, huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Namba ya kando yake, iliyo kwenye mabano, ndiyo ya kutoka ardhini. Usizichanganye. Mwaka 1974 ndege kubwa moja ya jumbo iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 ikielekea Nairobi, marubani wakashika 5,000. Uwanja wenyewe uko juu ya futi 5,300! Waliiona ardhi dakika za mwisho, wakapaa, wakapona.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka: maelezo ya kupaa tena ukishindwa kutua. Nami niliiruka. Chati nyingi hudai ndege ipae kwa mwinuko wa angalau asilimia 2.5. Niliisoma Kisumu nikaona ni mchezo. Alasiri ile Eldoret, jua kali, nimevaa kofia ya mazoezi ya kuziba macho nione vyombo tu, mwalimu akasema, "Huoni uwanja. Paa." Nikasukuma kila kitu mbele, pamoja na wenzo wa kuchanganya mafuta na hewa, nilivyozoea kando ya ziwa. Hewa ya kule ni nyepesi. Mafuta yakazidi, injini ikakohoa. Sindano ya kupanda ikagoma kwenye futi 150 kwa dakika.

"Hesabu iko wapi?" mwalimu akauliza, huku akirudisha ule wenzo nyuma. Sikuwa nayo.

Ni hii: asilimia 2.5 ni kama futi 152 kwa kila maili ya baharini. Kwa noti 90 (maili 90 za baharini kwa saa) juu ya ardhi unahitaji karibu futi 230 kwa dakika. Linganisha na kitabu cha ndege yako, kwa joto la siku hiyo, ukiwa bado chini. Na ujue kasi halisi huzidi ile inayoonyeshwa na kipima kasi kwa takriban asilimia 2 kila futi 1,000, kwa hivyo hata kushuka kutakuwa kwa haraka kuliko ulivyozoea.

Beba mafuta ya kurudi Kisumu. Mawingu ya alasiri upande wa Nandi usiyabishie. Na kama hukulala vizuri, ahirisha safari.