SOMO: Kuingia baa ya bia maalumu Brugge bila kuaibika (wageni wa Septemba, someni hapa kabla ya kunipigia)

Wakuu, hii ni Septemba yangu ya nne hapa Gent, Ubelgiji, na kila Septemba simu inajaa ujumbe uleule: "Kaka, tumefika, tunataka kwenda ile baa yenye bia mia tatu, tunafanyaje?" Nimechoka kurekodi sauti za dakika saba saba. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena namrushia uzi huu.

Baa yenyewe ni 't Brugs Beertje, mtaa wa Kemelstraat, Brugge. Ipo tangu 1983. Ni ndogo, ina meza za mbao, kuta zimejaa mabango ya zamani ya viwanda vya bia, na menyu ina bia karibu 300 za Ubelgiji. Ukishaizoea hii, nyingine za aina yake hazitakusumbua, ziwe za Gent, Antwerpen au Brussels.

Hatua ya 1. Panda treni. Kutoka Gent ni kama nusu saa, kutoka Brussels kama saa moja.

Hatua ya 2. Tembea kwa mguu kutoka stesheni: vuka uwanja wa 't Zand, fuata barabara ya maduka hadi kanisa kubwa la Sint-Salvator, Kemelstraat ipo hapo jirani. Inafunguliwa alasiri, na ina siku za kufungwa katikati ya wiki. Angalia kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya 3. Ingia, salimia, kaa. Wawili au watatu mtapata nafasi. Mkiwa kumi, gawaneni. Kukaa meza moja na msiowajua ni kawaida, ila omba kwanza.

Hatua ya 4. Menyu ni kama daftari la shule. Usiisome yote. Mwambie mhudumu unapenda nini: tamu, chungu, chachu, nyepesi, nzito. Hawa watu wanajua bia zao kama muuza kanga anavyojua kanga zake, na wanafurahi kuulizwa. Wewe angalia kitu kimoja tu, asilimia ya kilevi. Halafu namba iliyo kwenye jina la bia si asilimia. Rochefort 10 haina 10, ina 11.3.

Hatua ya 5. USISEME "KAMA TULIVYO".

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa sita, wote wa nyumbani, kwenye baa moja hapa Gent. Posho ilikuwa imeingia siku hiyohiyo. Mnajua tulivyozoea: bia moja mkononi, mbili zinasubiri mezani. Mwenzetu mmoja alikuwa amependekezewa Rochefort 10, nyeusi, tamu kama imetiwa sukari guru, basi sote tukafuata. Glasi hazijafika nusu, nikanyoosha mkono, nikachora duara juu ya meza, nikamwambia mhudumu atuongeze kama tulivyo, yaani kila mtu ileile anayokunywa. Yule mama akatazama meza, akanitazama mimi, akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia ndiyo, tena lete mbili mbili.

Akaleta. Huku kila bia ina glasi yake yenye jina lake, kwa hiyo meza ile ndogo ikabeba glasi 18 na hatukuwa na pa kuweka viwiko. Sasa pigeni hesabu. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za alkoholi. Kile kichupa cha sentilita 33 chenye 11.3 kina 37. Yaani kichupa kimoja kinakaribia Tusker mbili, na mtu alikuwa na vitatu mbele yake. Mmoja wetu alizima akiwa amekaa wima, macho wazi, pembeni ya wazee wawili waliokuwa wakicheza karata. Wazee wakasogeza karata zao taratibu, wakaendelea. Bili ilikuja kwangu kwa sababu mkono ulionyooka ulikuwa wangu. Nilikula wali maharage hadi tarehe ya posho iliyofuata.

Kwa hiyo:
- Agiza moja, imalize, ndipo uagize nyingine. Glasi tupu haimaanishi umefilisika.
- Kumnunulia mwenzako ruksa, lakini muulize anataka ipi. Meza ya watu sita inaweza kuwa na bia sita tofauti, na hapo ndipo utamu ulipo, maana mnaonjana.
- Anza na nyepesi, panda. Ukianza na ya 10 au 11, ulimi umeshakufa, zinazofuata utazisikia kama maji.
- Utamu na povu laini vinadanganya. Westmalle Tripel ina 9.5, Duvel ina 8.5, na zote zinateremka kama soda.
- Kula kitu. Agiza vipande vya jibini na haradali.

Hatua ya 6. Kumimina. Inua glasi kwa pembe, mimina polepole kwa mkupuo mmoja. Povu la vidole viwili si wizi, ndivyo inavyotakiwa. Bia nyingi hizi zinaendelea kuchachuka ndani ya chupa, kwa hiyo chini kuna mashapo ya chachu: acha kama kidole kimoja. Ukitaka kuyanywa, yanywe. Hayana sumu, ila bia haitakuwa angavu.

Hatua ya 7. Hakuna atakayekuuliza "ya moto au ya baridi?" Nyeusi na nzito huletwa za ubaridi wa mtungi, si wa friji. Usirudishe.

Hatua ya 8. Lipa, shukuru, ondoka. Bakshishi si lazima. Glasi ni ya baa.

MASWALI

Dogo_wa_Leuven: Uzi mrefu sana mkuu. Kwa kifupi ipi inalewesha haraka?

Mleta somo: Kwa kifupi, nenda dukani.

Chuma_Chakavu: Iko mtaa gani?

Mleta somo: Aya ya pili.

Ndizi_Mshale: Shikamoo kaka. Nilionjeshwa bia inaitwa geuze, chachu mpaka nikafumba jicho moja. Nikamkumbuka bibi yangu Marangu na mbege yake ya siku ya tatu. Je, ni kitu kimoja au mimi ndiye nimekumbuka nyumbani?

Mleta somo: Marahaba. Hapo umegusa penyewe. Geuze inatokana na lambiki, bia ya upande wa Brussels na bonde la mto Senne. Hawaweki chachu. Wanapika miezi ya baridi, wanamwaga bia ya moto kwenye sinia kubwa la shaba lisilo na kina, wanaliacha wazi usiku kucha, na vijidudu vya chachu vya hewani na vya jengo lenyewe vinaingia. Kisha inakaa kwenye mapipa ya mbao. Geuze ni mchanganyiko wa lambiki changa ya mwaka mmoja na zilizokaa miaka miwili na mitatu, unatiwa chupani uchachuke tena. Bibi naye hanunui chachu dukani, si ndiyo? Anachemsha ndizi, anaweka kimea cha ulezi, kinachobaki kinajiendesha chenyewe. Hata ule uchungu wa msesewe una ndugu yake huku, anaitwa hopsi. Tofauti ni kwamba mbege ya bibi haingojei miaka mitatu, wakwe wangeshaondoka. Ukiwa Brussels nenda kiwanda cha Cantillon, kipo tangu 1900 na wageni wanaruhusiwa kuingia. Kisha uje utuambie.

Bin_Darajani: Asalaam alaykum. Mimi sinywi, lakini wenzangu wa darasani wananialika kila Ijumaa. Nikienda nitaonekana vipi?

Mleta somo: Waalaykum salaam. Nenda bila wasiwasi, hakuna anayekulazimisha. Agiza kahawa, chai, juisi ya tofaa au maji, ila maji nayo yanalipiwa. Mambo mawili yawe kichwani. Kriek ni nyekundu na inanukia tunda, lakini ni bia, si juisi. Na kile kitoweo cha nyama wanachokiita stoofvlees kinapikwa kwa bia nyeusi, kwa hiyo uliza kabla hujachovya chipsi.

Bin_Darajani: Hilo la nyama sikulijua. Nimeshakula mara mbili mgahawa wa chuo. Astaghfirullah.

Mleta somo: Hukujua, ndugu yangu. Sasa unajua.

Mzalendo_77: Umeshakuwa Mzungu wewe. Bia ni bia, mezani zijae, watu wafurahi. Huo ubahili mtaurudisha nao nyumbani.

Mleta somo: Sikujifanya Mzungu, nilijifanya tajiri, na ndiyo maana kuna hatua ya 5. Nyumbani nikirudi nitajaza meza kama kawaida. Huku jaza kwa hela yako, unitumie picha ya bili.

Mrundi_wa_Matonge: Ndugu, nyongeza. Sisi tumezoea Primus ya sentilita 72, na wazee wetu wanakunywa impeke kwa mirija kwenye chungu kimoja. Kama mko watatu au wanne, ombeni chupa ya sentilita 75 na glasi za kila mtu. Geuze nzuri nyingi ziko hivyo. Bili inapungua na hamjioni wachache.

Mleta somo: Asante sana ndugu, hilo nililisahau kabisa. Mirija tu ndiyo hawatawaletea.

Chuma_Chakavu: Nikienda na gari je? Mbili tu.

Mleta somo: Mwisho ni gramu 0.5 kwa lita ya damu. Rudi usome hesabu ya hatua ya 5. Treni ipo.

Ndizi_Mshale: Kaka, ni kweli kuna baa hapo Gent unavua kiatu?

Mleta somo: Kweli. Dulle Griet, pale Vrijdagmarkt. Kuna bia yao inaletwa kwenye glasi ndefu ya lita 1.2, inayosimama kwenye kishikio cha mbao. Watu walikuwa wanaondoka na zile glasi, sasa unaacha kiatu kimoja rehani. Wanakitia kwenye kikapu wanakivuta hadi darini, unarudishiwa ukirudisha glasi. Lita 1.2 gawaneni, usijitwike peke yako. Na siku hiyo vaa soksi nzima.

Dogo_wa_Leuven: Ndala wanapokea?

Mleta somo: Dogo, Novemba huku utavaa ndala?