Kisunzi cha Kugeuka Kitandani: Namna ya Kurudisha Chembe za Sikio Mahali Pake

Kuna kisunzi kinachomshika mtu anapojilaza, anapojigeuza kitandani au anapoinua uso kuanika nguo kwenye kamba. Chumba chote huzunguka na moyo huchafuka, kisha hali hutulia kabla ya dakika moja kwisha. Wengi hudhani ni presha au malaria, nao humeza vidonge kwa miezi huku wakiogopa hata kulalia ubavu mmoja. Inasikitisha, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi huondoka kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu.

Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo za kalisi (kalsiamu) zilizonata juu ya utando unaoujulisha ubongo jinsi kichwa kilivyoelekea. Chembe hizo zikibanduka, kwa sababu ya umri, pigo la kichwa au pasipo sababu ya wazi, huweza kuingia katika mmojawapo wa mifereji mitatu yenye majimaji, na mara nyingi huwa ni ule wa nyuma. Hapo, kila kichwa kinapogeuka, chembe huyavuta majimaji na kuupa ubongo habari ya mzunguko usiokuwepo. Vidonge hupunguza kichefuchefu, lakini haviwezi kuzitoa chembe humo. Daktari John Epley wa Portland, Marekani, aliyechapisha maelezo ya njia yake mwaka 1992, alitumia uzito wa chembe zenyewe kuziporomosha hadi zilikotoka.

Kisunzi kikiandamana na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kutembea au maumivu makali ya ghafla ya kichwa, nenda hospitali mara moja, kwani hiyo huenda ikawa dalili ya kiharusi. Mwenye maradhi ya shingo, ya mishipa ya damu ya shingoni au ya retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga) asijaribu zoezi hili peke yake. Kwa yeyote yule, ni vema daktari wa masikio au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) athibitishe tatizo kwanza.

Lazima lijulikane sikio lenye shida, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Keti kitandani, geuza kichwa nusu ya njia kuelekea bega la kulia, kisha ulale chali kwa haraka. Kisunzi kikizuka baada ya sekunde chache, sikio la kulia ndilo lenye shida. Kisipozuka, keti upumzike, kisha upime la kushoto.

Tuseme ni la kulia. Keti umenyoosha miguu kitandani, mto ukiwa nyuma yako ili utakapolala ukae chini ya mabega, si chini ya kichwa. Geuza kichwa kulia kwa nyuzi 45, ulale upesi bila kuupoteza mgeuko huo, na uache kichwa kiiname nyuma kidogo. Kisunzi kitakuja, nawe usiinuke. Ngoja kiishe, kisha uhesabu taratibu hadi 30. Bila kuinua kichwa, kigeuze kushoto kwa nyuzi 90, ungoje vilevile. Sasa lalia bega la kushoto huku kichwa kikiendelea kugeuka hadi pua ielekee sakafuni, ungoje tena. Mwishowe shusha miguu upande huo wa kushoto na uketi polepole, kidevu kikiwa kimeinama. Sikio likiwa la kushoto, badilisha pande: palipoandikwa kulia fanya kushoto, na palipoandikwa kushoto fanya kulia.

Awepo mtu wa kukushika, kwa sababu wengine huyumba sana wanapoketi. Usifupishe kungoja hata kama kisunzi kinatisha, maana chembe huteremka polepole, na anayeharakisha huziacha katikati ya mfereji. Zoezi laweza kurudiwa hadi mara tatu kwa siku mpaka saa 24 zipite bila kisunzi. Si lazima ulale umeketi usiku huo.

Juma likipita bila nafuu, rudi kwa daktari, kwani chembe huenda zimo katika mfereji wa pembeni, ambao una zoezi lake tofauti. Na kisunzi kikirudi baada ya miezi au miaka, jambo ambalo ni la kawaida, pima masikio yote mawili upya kabla ya kuanza, kwa kuwa safari hii huenda ni la upande wa pili.